Kamera ya Lemayian Iko Wapi?

Alhamisi, mwezi wa saba. Kitengela.

Baridi ya leo imeingia hadi kwenye mifupa. Jua halijatoka tangu asubuhi, na upepo wa huku kwetu unabeba vumbi hata mawingu yakijaa. Nilifungua cyber, duka langu la kompyuta na intaneti, saa moja, nikafunga saa tatu, nikaenda Kajiado. Sasa ni saa kumi na moja jioni, nimerudi, nimekaa na koti langu mbele ya kompyuta.

Leo nimesema jambo nililolificha miezi mitatu. Wacha niliandike lilivyokuwa kabla sijaanza kulipamba.

Lemayian ni mwandishi wa habari. Humwoni kwenye televisheni. Ni wale wanaotuma habari kutoka mashinani, gazeti likipenda linachapisha, lisipopenda linanyamaza. Anaishi hapa Kitengela na mkewe Nasieku, na kompyuta hana, kwa hivyo alikuwa anakuja kwangu. Yeye anasoma kutoka kwenye daftari, mimi nachapa. Nikiona sentensi imepinda namwambia, anacheka, tunainyoosha pamoja.

Mwezi wa nne alikuja na habari ya Mashuuru. Kisima cha mashine kilikuwa kimefunguliwa huko kwa nyimbo na hotuba, na redio ikatangaza kwamba shida ya maji imekwisha. Wiki mbili baadaye pampu iling'olewa ikapelekwa shambani kwa mkubwa mmoja. Lemayian alipiga picha ya shimo limefunikwa kwa bati, na akina mama wamesimama kando na mitungi mitupu. Nikachapa, nikatuma. Habari ilitoka ukurasa wa ndani, ndogo kama tangazo la kifo.

Siku nne baadaye wanaume wawili waliingia dukani. Mmoja aliweka lile gazeti juu ya kaunta, akaniuliza kwa upole kabisa, "Mama, hii ilitumwa kutoka hapa. Nani aliituma?"

Nikataja jina.

Hawakunitisha. Hawakuuliza mara ya pili. Nilitaja jina na nikaongeza mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba nyumba yake iko nyuma ya kinu cha posho, mlango wa kijani.

Walimchukua siku hiyo hiyo. Alikaa ndani siku tatu, akihamishwa kituo hiki na kile, Nasieku akimfuata na blanketi mkononi. Siku ya nne wakamwachilia. Hakupelekwa kortini, hakuambiwa kosa lake. Kamera haikurudi. Mimi nilimpelekea Nasieku maziwa na sukari, nikakaa naye, nikalia naye. Sikusema kitu.

Tangu hapo Lemayian hakuandika tena. Alisema amechoka na gazeti. Na hili pia niliandike: nilifurahi kidogo. Asipokuja kuchapa, sitalazimika kumwangalia usoni.

Sasa ya leo. Kuna ripoti ilitoka ng'ambo ikisema serikali yetu inawabana waandishi, na serikali imekasirika. Wakubwa wametumwa wazunguke wilayani wawaeleze wananchi ukweli. Kanisani Jumapili ilitangazwa kwamba mmoja kutoka Nairobi atakuwa kwenye ukumbi Kajiado, na watu wataruhusiwa kuuliza maswali. Sijui nilienda kutafuta nini. Nadhani nilitaka mtu mwenye tai aniambie kwamba hakuna baya lililotokea.

Yule bwana anajua kuongea. Hakupiga kelele wala hakututukana. "Nyinyi wenyewe mnakumbuka miaka ya tisini," alisema.

Nakumbuka. Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Rombo. Kuna jarida lilikuwa limepigwa marufuku, na yeye alikuwa analileta nyumbani limekunjwa ndani ya soksi. Akimaliza kulisoma, mama analichoma jikoni chini ya sufuria ya muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa. Sisi watoto tulifundishwa kusema kwamba baba hasomi chochote ila Biblia na vitabu vya shule. Kwa hivyo bwana aliposema siku hizo zimeisha, nilitikisa kichwa kukubali. Ni kweli. Leo gazeti unalisoma barabarani ukitembea, na mawaziri wanasemwa redioni kutwa nzima.

Kisha akasema, "Nitajieni mwandishi mmoja, mmoja tu, ambaye yuko jela leo kwa sababu ya kuandika. Hakuna!"

Alingoja makofi. Hayakuja. Mahali fulani nyuma mtu aliguna, mmh ndefu, na kicheko cha chini kikapita kwenye viti.

Mzee mmoja mwenye shuka alisimama, akasema anatoka Mashuuru. "Redio ilituambia tuko na maji. Wewe leo umetuambia tuko na uhuru. Sawa, mimi nimekuja na mtungi."

Ukumbi ulivunjika mbavu kwa kicheko. Hata yule bwana alicheka kidogo, ila macho yake hayakucheka.

Baadaye akasimama Mama Halima. Anauza nguo hapa Kitengela, duka lake limepakana na langu, na tulikuwa tumeenda pamoja. Yeye hazunguki na maneno. "Mimi niko na swali moja tu. Kamera ya Lemayian iko wapi?"

"Lemayian ni nani?" bwana aliuliza.

Vichwa viligeuka. Lemayian alikuwa amesimama karibu na dirisha, mikono mfukoni. Sikujua kwamba amekuja.

Bwana alieleza kwamba hana habari za jambo hilo, kwamba kamera inaweza kuibwa na mtu yeyote, na kwamba serikali haifanyi kazi kwa uvumi. "Kuna mtu hapa aliyeona maafisa wakimtafuta huyu ndugu yetu? Asimame aseme. Hiyo ndiyo maana ya uhuru."

Nilisimama. Sikumbuki kuamua.

"Walikuja kwangu," nilisema. "Mimi niko na cyber Kitengela. Mimi ndiye niliyewaambia anakaa wapi."

Nilisikia Mama Halima akivuta pumzi. Kwenye dirisha sikuangalia.

"Walijitambulisha, mama? Walikuonyesha kitambulisho?"

"Hapana."

"Sasa ulijuaje ni watu wa serikali?"

Nikasema ukweli. "Kwa sababu niliogopa kuwauliza."

Hakuna aliyecheka. Mwenzake yule bwana, aliyekaa kando yake, aliandika kitu kwenye karatasi. Bwana alisema jambo hilo litaangaliwa, akaomba swali lingine. Hakukuwa na swali lingine.

Tulipotoka, Lemayian alikuwa ananingoja langoni. Siku zote akiniona ananisalimu kwa mbali kwa Kimaasai, "Supa, Mama Mutua!" Leo hakusalimu.

"Kumbe ni wewe."

"Ni mimi. Nisamehe, Lemayian."

"Nilidhani ni mhariri aliyenitaja. Amenipigia simu mara nyingi, sishiki. Nimemwambia Nasieku yule mtu ni nyoka. Miezi mitatu namchukia mtu bure."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kunyamaza kwangu nako kulikuwa kunafanya kazi, kila siku, bila mimi kuinua kidole. Nilidhani nimemkosea mara moja tu.

Mama Halima alijaribu kunitetea. "Aliogopa, baba. Hata wewe ungekuwa..."

Lemayian aliinua mkono, akaondoka. Alifika karibu na barabara, akasimama, akatugeuzia mgongo muda mrefu. Kisha akarudi, akatoa daftari ndani ya koti.

"Sema tena ulichosema kule ndani. Polepole."

Nikasema, naye akaandika. Alipomaliza aliuliza, bila kuniangalia, "Mhariri atataka kujua shahidi ni nani. Niweke jina lako, ama niandike mkazi mmoja wa Kitengela?"

Nilimwomba anipe hadi jioni.

"Sawa," akasema. Hakusema amenisamehe, na mimi sikuwa na uso wa kuuliza.

Nimempigia mume wangu Kioko kazini. Amesikiliza yote, halafu amesema, "Mkazi mmoja inatosha. Tuko na watoto." Kioko si mwoga. Anasema jambo ambalo mtu yeyote mwenye akili angesema.

Lakini nimekaa hapa nikijiuliza. Ukumbi mzima umeniona uso. Yule aliyekuwa anaandika ameshaniandika. Na bwana mkubwa amesema mbele ya watu wote kwamba mwananchi yuko huru kusema. Sasa kwa nini naomba hadi jioni kufikiria jina nililopewa na wazazi wangu?

Labda hakudanganya. Jela hakuna mwandishi. Wetu yuko nje, anatembea hapa Kitengela bila kamera, na aliyemtaja ni jirani aliyekuwa anamchapia. Hakuna aliyehitaji kumfunga.

Sitaki tena kuwa mtu wa kurahisisha kazi hiyo.

Saa kumi na mbili kasorobo nimemtumia ujumbe: Weka majina yangu. Yote mawili. Amejibu, "Nimetuma kwa mhariri. Ameshika simu." Basi, hivyo tu. Nimeusoma mara tano nikitafuta msamaha, sijauona, lakini ameanza kuongea tena na mhariri wake, na hilo limenitosha kwa leo.

Kioko nitamwambia akifika, kabla hajavua viatu. Ataniuliza habari ya watoto.

Kesho nitafungua saa moja. Na akiingia mtu nisiyemjua, aweke gazeti juu ya kaunta, nitaanza mimi: "Samahani, wewe ni nani?"

Naomba tu sauti itoke.