Raizoni Nyeupe na Vitambaa vya Nchani

Kinondoni, Dar es Salaam
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu, Aayo wangu,

Shikamoo. Natumaini boksi hili na barua iliyomo vitakukuta kifua kimeshapona, maana najua ukungu wa mwezi huu unavyoshuka toka Ngorongoro ukaingia hadi jikoni. Baba anaendeleaje na goti? Mahindi mmeshavuna? Mimi ni mzima, ila nimechoka. Leo kanisani nilisinzia katikati ya sala, mama mmoja akanigusa bega mara mbili.

Utajiuliza kwa nini naandika na simu ninayo. Ni kwa sababu kwenye simu nilikudanganya, na nikiisikia sauti yako nitaogopa, nitakudanganya tena.

Kazi ni ileile. Dada Jesca, bosi wangu, anabuni viatu vya kisasa kwa kutazama vya zamani. Tunafungua marobota ya mitumba, tunatoa raizoni za soli nene, mchuchumio wa kisigino kirefu, viatu vya kamba vya wazee, na stokingi za kila rangi. Mimi nafua, naanika, napanga. Yeye anatazama kisigino hiki, anachora. Anatazama mshono ule, anachora. Sasa ameamua wasichana wa mjini wavae stokingi na sandali, kwa joto hili! Nilimwambia kwetu Karatu stokingi ni za kukinga baridi, si za urembo. Akacheka, na hilo nalo akaliandika kwenye daftari. Nashinda nimesimama katikati ya viatu vya kila aina, na miguuni nina ndala kwa sababu miguu imevimba.

Unakumbuka ulivyonipa raizoni zako za harusi nilipokuja likizo. Dada Jesca alikuwa ameona ile picha yako kwenye simu yangu, wewe na raizoni nyeupe zilizokuwa zimepitwa na wakati tangu siku ile, na stokingi za rangi ya chai. Akasema lazima azishike kwa mkono wake. Ulinipa kwa sharti moja: zirudi nzima kabla ya harusi ya Magdalena, ili mdogo wangu naye aingie nazo kanisani kama mlivyoingia wewe na wenzako.

Sasa sikia kosa langu. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba kiatu cha kuazima hakikabidhiwi kichafu. Kila bibi harusi aliyezivaa alizirudisha zimesuguliwa na kupakwa chaki. Basi asubuhi ile, kabla Dada Jesca hajafika, nilizisugua kwa sabuni na mswaki, nikazipaka rangi nyeupe mpaka zikang'aa. Nchani, pale vidole vinapokaa, nilikuta vitambaa vikuukuu vimeshindiliwa. Nikavichomoa vyote nikavitia kwenye ndoo ya taka. Niliona nimefanya kazi nzuri.

Dada Jesca alipofika alizitazama kwa muda mrefu. Akasema alitaka ule umanjano, ile mikunjo, na vumbi jekundu la kwetu Endamarariek kwenye mshono. Viatu vinavyong'aa anavyo dukani. Hakugomba. Afadhali angegomba.

Jioni yake ndipo ulipopiga simu, ukasema, "Mwanangu, usije ukatoa vile vitambaa. Vile ndio sisi wenyewe." Ukanieleza huku unacheka: viatu vilikuwa vya muuguzi wa misheni mwenye mguu mkubwa, vikawapwaya maharusi wote, kila mmoja akachana kipande cha nguo yake akashindilia, na hakuna aliyetoa cha mwenzake. Ukanitajia kimoja kimoja na mwenyewe. Nami nikajibu, "Sawa, Mama." Gari la taka lilikuwa limepita saa nane mchana.

Nilimweleza Dada Jesca. Alikaa kitini akaniuliza vilikuwa vya rangi gani, nikamtajia. Siku hiyo hakuchora kitu.

Kesho yake alitaka fundi azifumue ili apate vipimo, kisha azishone upya. Nilimwambia hapana. Tangu nianze kazi sijawahi kumwambia hivyo, na nilijua naweza kurudishwa nyumbani. Nikamwomba siku tatu. Nikazizungushia selotepu ya karatasi, nikachora juu yake kila mshono, nikaibandua polepole bila kuchubua ngozi, mguu wa kulia kisha wa kushoto. Nikikosea naanza upya, na kazi nyingine zote zinaningoja. Vipimo amevipata, na kisu hakijagusa viatu vyako. Uchovu huu umetoka huko, lakini huu siulalamikii.

Stokingi zako ulizonipa pamoja na raizoni pia nimezirudisha. Pale zilipotoboka ukapaziba kwa rangi ya kucha, sijapagusa.

Lakini nchani ni kutupu, na mguu wa Magdalena ni mdogo. Bila vitambaa, viatu vitamvuka kabla hajafika madhabahuni. Nilishika mkasi nikate vipande vya mitumba vinavyofanana na vyenu, usingejua kamwe. Nikaona aibu, nikauweka chini.

Nisalimie shangazi Theresia, mwenye kile cha kitenge cha kijani. Nisalimie mama mdogo Elizabeti, aliyeolewa kwa wafugaji kule Soitsambu, chake kilichanwa kwenye shuka nyekundu ya mumewe. Nisalimie mama yangu wa ubatizo, Agnes, aliyeweka leso ya marehemu mama yake. Huyo sijui nitamtazama vipi, maana leso ile haina nyingine. Na chako, Mama, kilikuwa cha khanga ya bluu. Nimevikumbuka vyote kwa sababu nilivitupa kwa mkono wangu. Waombe kila mmoja akate kingine, na Magdalena aweke chake juu ya vyenu. Baba mwambie nimemletea soksi nzito za goti, zimo chini ya boksi.

Nakujua, Mama. Watakapouliza vimeenda wapi, utataka kunifichia, useme vililiwa na panya. Usiseme ni panya. Sema ni Veronika.

Ni mimi mwanao, niliyechoka na ninayekupenda,
Veronika