Kikombe cha Mama

Ngamiani, 3 Machi 2024

Dada Hafsa,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Natumai wewe na shemeji hamjambo, na mimba haikusumbui. Mimi mzima kiasi.

Simu zangu hupokei, ndiyo maana barua hii nimempa Nasri, kondakta wa basi la Pangani. Tangu uliposema matangani, mbele ya watu, kwamba maji yangu ya mchele ndiyo yaliyomuua mama, nyumba haijatulia. Kila asubuhi jiko lanuka mchele uliochacha. Nimesugua, nimepaka chokaa, mtungi nimeutupa. Harufu ipo.

Waamini kweli nilimuua?

Mdogo wako,
Najat

Ushongo, 20 Mei 2024

Najat,

Waalaykum salaam. Nimejifungua salama, mtoto wa kike, baada ya wale wawili tuliowazika.

Sikufichi. Mama alikonda mbele ya macho yako, wewe waloweka mchele siku mbili uchache, wamnywesha, wasema ni dawa ya tumbo. Kwa nini hukumpeleka hospitali?

Dada yako

Ngamiani, 27 Mei 2024

Dada,

Shikamoo, na hongera ya uzazi. Sasa naweza kusema.

Nilimpeleka, mara nne. Alikuwa na uvimbe kwenye ini, umeshaenea. Mama aliniapisha nisikwambie mpaka ujifungue. Alisema, “Hafsa akishtuka, na huyu atamtoka.”

Maji yale aliyataka mwenyewe. Si ndiyo aliyotunywesha utotoni, tumbo likichafuka? Uji aliutapika, hayo yalikaa. Daktari alisema nimpe, yatamtuliza, ila ugonjwa hayauondoi. Nilijua. Nilimpa kwa sababu akishakunywa aliweza kuketi, akaniita jina langu.

Mdogo wako

Ushongo, 8 Septemba 2024

Mdogo wangu Najat,

Assalaam alaykum. Mtoto hajambo.

Barua yako nimekaa nayo miezi mitatu. Jumamosi nilikuja Ngamiani, nikapita nyumba kwa nyumba kwa wanawake walionisikia matangani, nikawaambia nilikuzulia. Kwako nikafika mwisho. Nilipotaka kubisha hodi nikakusikia ndani wambembeleza mtu amalize kikombe, wamwita mama. Kisha ukanyamaza, kama unayengoja ajibu. Nami nikangoja.

Jirani yako Mwatumu akaniambia, “Hana mgeni. Ni kila siku hivyo.”

Nikaogopa, nikaondoka. Nisamehe na hilo pia.

Ijumaa naja na mtoto, tutakaa mpaka unichoke. Mtoto hajapewa jina la nyumbani. Nataka umpe wewe.

Dada yako,
Hafsa