Sikilidi Wawili na Adui Yao

Jumatatu, 3 Machi

Wamependana! Sikilidi wangu, hawa binamu wa perege waliojaliwa rangi. Dume ni wangu. Jike ni wa dada, aliyeniazima kabla ya safari yake ya kikazi kwa sharti kwamba nimrudishe mzima. Leo wamelisugua jiwe bapa kwa midomo, kisha, kwa umoja wa kutisha, wakamvamia Mpangaji — yule samaki wa kijivu ambaye dada alimtia tangini eti "atawasaidia". Mapezi yake yamekuwa matambara. Mapenzi yanayojengwa juu ya mgongo wa mnyonge! Sikubali.

Jumanne, 4 Machi

Nimempa jirani Mpangaji. Naye pia hufuga samaki. Dada aling'aka kwenye simu: "Umemtoa? Nani kakutuma, we msomi? Wale lazima wapate wa kumchukia!" Nikamjibu kwamba chuki haijawahi kuwa msingi wa ndoa. Akasema nioe kwanza, ndipo nifundishe. Hoja dhaifu.

Alhamisi, 6 Machi

Mayai! Jiwe zima limetapakaa chembe za rangi ya asali. Sijamaliza kushangilia — dume kamgeukia mwenzake. Kipigo! Kambana nyuma ya kichujio cha maji, magamba yakapeperuka majini kama karatasi. Vitabu vyote nilivyosoma kuhusu tabia za viumbe, na hakuna ukurasa hata mmoja ulionitayarisha kwa jambo hili.

Nilikimbilia kwa jirani nimrejeshe Mpangaji, awe tena adui wao. Jirani akakuna kichwa. Kambare wake alimmeza jana, hakusaza hata mkia.

Na mimi ndiye niliyemwokoa!

Ijumaa, 7 Machi

Dada amekataza neti, kizuizi cha kuwatenganisha, hata mkono: wakishtuka watayala mayai yote. Nisipoingilia, jike atauawa. Nikasogeza uso kwenye kioo cha tangi nimtazame majeraha. Ajabu! Wote wawili wakanijia, mapezi wima, mashavu yamefura, bega kwa bega. Nikarudi nyuma: vita. Nikasogea: ndoa.

Nilimketisha mama mahali pangu. Hawakumjali. Nikasimamisha kioo cha kujitazamia. Wakakipuuza. Ni mimi tu! Mama alicheka hadi akashika mbavu: "Usishangae, mwanangu. Hata mimi na baba yako tukinuniana, ukianzisha tu mijadala yako mezani, tunapatana hapo hapo."

Sikucheka.

Jumapili, 9 Machi

Bado niko kitini. Taa ikizimwa hutulia, nami hulala. Ikiwashwa, kazi yangu ni kuchukiwa.

Jumatatu, 10 Machi

Mayai yameanguliwa! Vitoto vinatetemeka jiweni, vyembamba kama nyuzi, na jike anavipepea kwa pezi lililobaki. Naandika daftari likiwa gotini, pua ikikaribia kugusa kioo.

Usaili ni asubuhi hii — wa kwanza kuitiwa tangu nihitimu. Tai nimeshaifunga. Viatu nimeshavipiga rangi. Baba, aliyeahidi kunipeleka, anapiga honi nje kana kwamba nyumba inaungua.

Niliinuka. Nilifika mlangoni tu, maji yakachafuka nyuma yangu. Nikarudi mbio: jike amelala ubavu chini ya kichujio, mdomo wazi. Dume aliponiona akamwacha, akaja kunitunishia mashavu. Na yule jike — kwa nguvu alizozitoa sijui wapi — akajikokota, akaja kusimama karibu yake. Karibu na mtesi wake! Ili wapambane nami!

Dada atafika mchana. Usaili hautasubiri mchana.

Honi imenyamaza. Hatua za baba ukumbini. Mlango umefunguka nyuma yangu. Anauliza kama nimesomeshwa miaka yote hiyo ili nije kukodoleana macho na samaki.

Nina jibu. Tena jibu zuri, lenye hoja na mifano. Ila nikigeuza tu uso kumjibu —