Maji Baridi

Nyumba ya Mwisho,
Njia ya Matangini.
Jumanne, 11 Februari. Mawingu tangu alfajiri, upepo hakuna, joto limewahi.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Kifua chako kinaendeleaje? Na mkaza mjomba, bado anakufichia sigara? Huku sisi ni wazima wa mwili. Wa moyo, hapana.

Nimekupigia simu tangu Jumapili, hupatikani, ndiyo maana nampa barua hii dereva wa gari la barafu.

Wale majongoo bahari tuliofundishwa kufuga wamekufa. Tangi zima, Mjomba. Jumamosi ilikuwa zamu ya Mama kuwaangalia, katika kikundi chetu cha wanawake. Mwalimu wa mafunzo, anayetoka huko bara unakoishi, alituambia, "Jua likikaza, waongezeeni maji ya baridi." Kumbe alimaanisha maji ya bahari yaliyopoa kivulini. Unajua kwetu maji baridi ni ya kisimani, yasiyo na chumvi. Mama akachota ndoo baada ya ndoo, na mgongo wake ule, akawamwagia. Kufika alasiri walikuwa wamelegea kama sabuni iliyosahauliwa kwenye beseni.

Hata mimi ningemwaga yale yale.

Sasa mwalimu hakumbuki alisema nini. Anasema ofisi yake italeta majongoo wachanga wengine iwapo aliyewaua atatolewa kikundini. Wanawake wanakutana Alhamisi. Tukitolewa hatuna pa kushika: wavu wa marehemu Baba umeoza, na hapo ufukweni watu wanarudi na vikapu vitupu.

Jana kisimani jirani yetu msusi alisema, "Mpisheni daktari wa majongoo achote dawa." Wakacheka wote, hata wifi yake Mama. Mama ninayemjua mimi angemjibu msusi mpaka akome. Aligeuka na ndoo tupu, na tangu hapo hajatoka nje.

Nakuomba sana, njoo kabla ya Alhamisi. Mimi wananiona mtoto anayemtetea mama yake. Wewe umeishi kwao mwalimu na umezaliwa kwetu. Ukiwaeleza kwamba neno moja lina maji mawili, watakusikia. Kama kazini hawakuruhusu, mpigie fundi cherehani, ataniita. Usikae kimya tu.

Msalimie mkaza mjomba na wale mapacha. Babu anauliza kama bado unakoroma. Mungu akufungulie njia na akufikishe salama.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye na kukutegemea,
Bi Kalenda

Nilisahau kukwambia hili. Jana usiku Mama aliniomba maji ya kunywa, neno lake la kwanza tangu kisimani. Bila kufikiri nikamuuliza, "Ya baridi?" Alinitazama, akajifunika shuka. Kikombe nilikiacha karibu naye, na asubuhi nimekikuta kimejaa vile vile. Mimi usingizi ulinichukua saa tisa na nusu.