Bawa Kavu

Madrid, 12 Aprili 1999

Mama yangu mpenzi,

Naomba baraka zako. Mimi sijambo, waimbaji wenzangu Benilda na Yamileth nao hawajambo, ila baridi ya huku inatutoa machozi. Miguu yako je? Bado inavimba ukitoka kuokota chaza kwenye mikoko?

Mama, kaa kwanza. Tumerekodi! Yule bwana wa studio alisikiliza nyimbo zetu zote huku anapiga miayo. Mwisho akauliza, "Hamna kitu cha kwenu kabisa, cha huko mtoni?" Benilda akanikanyaga mguu, nami nikafungua mdomo nikaimba Bawa Kavu. Bwana akaruka kitini! Wameuongeza kasi, wameweka na tarumbeta, na sauti zetu tatu zinapokezana kama wewe na shangazi mlivyokuwa mkifanya. Nimewaambia ni wimbo wa mama yangu. Ukiusikia redioni ucheke, ni sisi.

Mwanao,
Plácida


El Manglar, 3 Juni 1999

Plácida mwanangu,

Mungu akubariki. Miguu inavimba kama kawaida yake.

Nimeusikia. Evangelista ameweka redio kwenye duka lake la gatini, watu wakaniita mbio, "Nasaria, njoo, mwanao yuko ndani ya redio!" Nikafika nacheka. Kisha nikasikia maneno, nikakaa juu ya gunia la chumvi.

Ulikuwa mkubwa wa kutosha, unakumbuka. Wimbo ule niliutunga siku kaka yako Eliécer alipokata roho, hata jino hajaota. Mama yake wa ubatizo akamvisha taji la karatasi, watu wakampokezana mikononi wakicheza, na mimi sikutakiwa kudondosha hata chozi, maana mtoto mchanga akifa ni malaika, na chozi la mama linalowesha mabawa yake akashindwa kuruka. Niliimba ili nisilie. *Kauka, bawa, kauka.* Nilikuwa naliambia bawa, nilikuwa nayaambia na macho yangu. Mto mzima umeuazima kwa watoto wao na sijamnyima mtu. Lakini hauimbwi kama hakuna mtoto aliyekufa mezani. Hilo unalijua vizuri, nilikuchapa ulipouimba ukifua.

Waambie wautoe. Na usinijibu kwamba haiwezekani.

Mama yako


Milano, 20 Novemba 1999

Mama,

Naomba baraka zako, na nisamehe kwa kimya. Barua yako imenifukuzia nchi hadi nchi.

Haiwezekani, mama. Wimbo uko Ugiriki, uko Japani, uko kwenye meli za watalii. Hawajui hata neno moja, lakini ukipigwa tu wanapepea viwiko kama kuku, bibi kizee na mjukuu wake, wote. Viwiko hivyo alivibuni bwana wa studio. Nitaanzia wapi kuuzuia?

Na kwani kuna ubaya gani? Si wewe uliyetufundisha kwamba kwa malaika watu wacheze, wanywe, wasilie? Basi dunia nzima inamchezea Eliécer. Nitajie mtoto mwingine wa mtoni aliyepata heshima hiyo.

Nimekutumia friji. Na nina mimba, mama! Baba yake ni Gonzalo, mpiga gitaa wetu, mtu mpole, ila samaki mwenye miiba anamshinda kama mtoto mdogo. Furahi basi, usininunie.

Mwanao,
Plácida


El Manglar, 9 Februari 2000

Plácida mwanangu,

Mungu akubariki, akibariki na kilichomo tumboni.

Friji imefika kwa mtumbwi, wanaume wanaibeba huku wanakutukana. Umeme haujafika. Natunzia mahindi humo, panya wamekoma.

Sasa nisikilize. Domitila wa ng'ambo ya mto amefiwa na kichanga chake. Nikaitwa, nikaenda na ngoma yangu. Nilipoanza tu *Kauka, bawa*, watoto wakasimama wakapepea viwiko. Wakafuata vijana. Wakacheka, Plácida! Wala si kwa ubaya, mwili umeshazoea tu. Jamaa mmoja akapaza sauti, "Na tarumbeta iko wapi, Nasaria?" Domitila alikuwa amejikaza tangu mwanzo, hajatoa chozi. Hapo akaangua kilio, akamlilia mwanawe usoni, hatukuweza kumtoa. Akanifukuza mimi na ngoma yangu. Nikatoka.

Tangu siku hiyo haniiti mtu. Mimi, niliyewaimbia watoto wa mto huu tangu sijaolewa! Wakifiwa wanapita mbele ya mlango wangu kimya, kama mimi ndiye mgonjwa.

Ila mimba ni mimba, nimefurahi, nisiseme uongo. Njoo ujifungulie hapa. Nitakukanda mwenyewe, nitakupikia supu ya kuku. Achana na hayo matamasha, yatakuwepo tu.

Mama yako


Madrid, 30 Juni 2000

Mama,

Naomba baraka zako. Naziomba nimepiga magoti.

Sikuja. Kulikuwa na tamasha, kisha lingine, kisha daktari akanikataza ndege. Nilizaa msichana, nikampa jina la bibi yangu, Candelaria. Mapafu yake hayakuwa na nguvu. Tumemzika Jumanne.

Huku hawana wimbo, mama. Walimleta ndani ya blanketi, wakasema nikae naye nikitaka, wakafunga mlango. Hakuna taji, hakuna wa kumpokezana. Gonzalo alikuwa nje analia na ndugu zake waliovaa nyeusi. Basi nikaanza peke yangu, *Kauka, bawa*, taratibu, kama ulivyouimba wewe mwanzo. Nesi akaingia na dawa zangu. Sidhani kama alimwona mtoto. Akatabasamu, "Aa, huo! Tuliucheza kwenye harusi yangu!" Na akapepea viwiko, mama. Mbele ya mwanangu. Kisha akaona, akaziba mdomo.

Sikuweza kuendelea. Kila nikijaribu nasikia tarumbeta. Nililia, nikamlowesha mwili mzima, na sasa silali, namwona kakaa mahali fulani ameloa hawezi kuondoka.

Mwimbie wewe. Wewe bado unaweza. Evangelista ana redio ya kurekodia, uniwekee kwenye kaseti nisikie anavyoondoka. Sikuombi kingine tena maishani.

Mwanao,
Plácida


El Manglar, 17 Septemba 2000

Plácida,

Barua yako niliisomea gatini, nikaisoma tena nyumbani. Nililia sana. Bibi hakatazwi.

Nilivuka ng'ambo kwa Domitila. Sikutegemea anifungulie, akanifungulia. Nikamsomea ulichoandika. Alichukua mkasi na karatasi ya dhahabu akakata taji yeye mwenyewe. Tulikunja shuka jeupe dogo tukaliweka mezani, na taji juu yake. Watu walikuja, hata wale waliokuwa wananipita mlangoni. Wakalipokezana lile shuka mikononi wakicheza, mpaka kila mmoja akalishika.

Bawa Kavu sikuuimba. Wimbo huo mimi sina tena, unao wewe. Candelaria nilimtungia wake. Domitila aliniitikia kwa sauti ya pili, ngoma ikapigwa vizuri, na hakuna aliyepepea kiwiko. Mjukuu wangu ameruka. Kuhusu hilo ulale, machozi yako hayakumzuia.

Evangelista alifika na redio yake ya kurekodia. Nilimrudisha palepale mlangoni, asirekodi.

Ni wimbo mzuri, Plácida, mzuri kuliko ule wa kwanza. Watu wote wa mto nimewaapisha wasiutoe nje. Ukija utakula, utalala kitandani kwako, tutaongea mambo mengine. Lakini huo hutausikia.

Bibi yake Candelaria