Sikupika Nyumbani Mwako, Kapinga

Kapinga, dada yangu,

Nimechoka. Mikono bado inanuka kitunguu na ndimu, na mgongo unauma, lakini nikilala bila kukuambia, usingizi hautakuja.

Nyumba yako imeingiwa. Ni shemeji yangu, Donati. Mlipofukuzwa kwa sababu ninyi ni watu wa Kasai, mkaenda kulala kwenye gare na mabunda yenu kungoja treni, nyumba haikukaa tupu siku nyingi. Akaingia na mke wake. Wewe ulikuwa hujafika hata nusu ya safari. Habari yako tuliipata baadaye kwa mfanyakazi wa reli: homa ilikushika ndani ya behewa, maji hakuna, wakakuzika kando ya njia. Nilikaa chini palepale aliponieleza.

Hapa Kolwezi kazi imekufa karibu yote. Bwana yangu anaenda asubuhi, anarudi mapema. Shuleni walimu wengi walikuwa watu wenu, basi watoto wanacheza tu uwanjani.

Wiki iliyopita Donati akaja na paja zima la nguruwe. Anafanya sherehe ya nyumba. "Shemeji, utatupikia ile nguruwe ya Kichina ya Kapinga. Jiko lake liko vilevile." Alisema hivyo, Kapinga. Bila haya.

Nikakumbuka Jumamosi ile uliponifundisha uani kwako. Wewe uliijua kwa mke wa daktari Mchina uliyemfanyia kazi. Ulikata nyama vipande vidogo, ukavipaka yai na unga wa muhogo, maana ule unga wake mweupe hatukuupata sokoni. Vikakaangwa mpaka vikalia mdomoni. Kisha mchuzi: siki, sukari, tomate, kitunguu, tangawizi. Mi nikataka kutia nanasi palepale. Ukanipiga mkono kwa mwiko: "Nanasi mwisho, Regina! Unapika jamu?" Tulicheka mpaka mafuta yakaanza kutoa moshi. Na marehemu bwana yako, aliyesema nyama haichanganywi na matunda, ndiye aliyefuta sahani kwa tonge la bukari.

Nilimrudishia Donati paja lake. Bwana yangu akakasirika sana. "Ni kaka yangu! Kapinga amekufa, nyumba ni nyumba tu." Sikuwa na nguvu ya kugombana. Nilimjibu tu, "Mi siingii mule na sufuria." Tangu siku ile mama mkwe ananipita njiani kama hanijui.

Jana binamu yangu akafika kutoka Sandoa, akaniletea nyama kidogo ya nguruwe na mananasi mawili. Leo nikawasha jiko la makala. Siki hakuna, nikakamua ndimu. Sukari haikutosha, nikaongeza papai lililoiva sana. Ungenicheka. Nikafunga sufuria kwa kitambaa, nikaenda nayo kwenye gare.

Watu wenu bado wako kule, dada. Wengine wamejenga vibanda kwa mashuka na plastiki, wanangoja treni ambayo hakuna anayejua itakuja lini. Njiani vijana wakanizuia. "Mama, unalisha adui?" Nikasema, "Ninalisha batoto. Na mama yako angefanya vile vile." Mmoja akaangalia chini, wakaniacha nipite.

Haikutosha watu wote. Nilianza na watoto. Bibi mmoja akapata kipande na nanasi kidogo, akatafuna polepole, akaniuliza ni nani aliyenifundisha. Nikamtajia jina lako. Akalirudia kwa sauti ya kwenu, Kapinga, kama mtu anayekuita kutoka upande wa pili wa barabara. Nikageuka. Nusura nikuone unakuja.

Lala salama, dada yangu. Ardhi ile ya kando ya reli isikulemee. Nimesikia Mbuyi, binti yako, alifika salama kwa mjomba wake, kule Mwene-Ditu. Njia ikifunguka nitaenda, hata kama ni juu ya magunia kwenye lori. Sitamwambia mambo makubwa. Nitamsuka nywele, nitampikia, nitakaa naye mpaka mwenyewe aniambie nirudi.

Mi wako,
Regina