Huna Ruhusa ya Kufuta

Ijumaa, Oktoba 1998. Mawingu mazito ziwani tangu asubuhi, na mvua yenyewe hainyeshi. Kichwa kinaniuma.

Kiwandani kwetu Kirumba minofu ya sangara ilikuwa kwenye barafu ikisubiri lebo, na ndege ya mizigo inaondoka jioni. Wenye kiwanda wapya wametuletea programu mpya ya kuchapa lebo. Haifanyi kazi mpaka ile ya zamani iondolewe kwenye kompyuta. Nikaandika skripti, orodha ya amri za kuiondoa, nikajisifu kabisa, nikaiendesha.

Kompyuta ikajibu kuwa sina ruhusa.

Mimi ni mtumiaji wa kawaida tu. Msimamizi ni Mzee Mabula peke yake, na neno la siri analo kichwani. Tangu Pasaka namwomba anipe na mimi usimamizi, ananiambia nitulie. Na leo alikuwa kwao Kamanga, anamzika dada yake.

Meneja alimtuma dereva avuke na feri akalichukue hilo neno. Nilijua Mzee hatalitoa, atakuja mwenyewe. Nikanyamaza. Nilikuwa nawaza samaki tu.

Kweli akaja, na suti ya msiba. Nikamwamkia, nikampa pole.

"Marahaba. Mashine iko wapi?"

Akaingia kama msimamizi, akaendesha skripti yangu. Programu ikafutika, meneja akapiga makofi. Nilipoingia kwa jina langu, lebo zikagoma! Kumbe mabaki yalikuwa kwenye mipangilio yangu mimi, na kila nikiingia yanaiita programu ambayo haipo tena. Skripti ilisafisha mashine na mipangilio ya Mzee, yangu haikuigusa. Ana funguo za nyumba nzima, lakini chini ya kitanda changu hakufagia. Nikaiendesha tena kwa jina langu, safari hii ikakubali, maana kilichobaki kilikuwa changu.

Lebo zikatoka. Samaki waliiwahi ndege.

Mzee hakuuwahi mchanga wa dada yake. Dereva aliyemrudisha anasema walishazika, hawakuweza kumsubiri.

Kabla ya kuondoka alirudi kwenye kompyuta, akabonyeza hapa na pale, akasimama.

"Nimeshakuweka kwenye usimamizi, binti. Siku nyingine nisiitwe makaburini."

Ruhusa niliyoililia tangu Pasaka ninayo. Sijaigusa.

Kesho navuka kwenda Kamanga. Pole nitaisema, lakini hiyo asante nitaitamkaje mbele ya wafiwa?